Figo na Chumvi: Ndosho Kati ya Presha Inayoshuka na Presha Inayopanda

Majeruhi aliyepoteza damu nyingi huangaliwa uso, mapigo ya moyo na presha. Lakini habari ya uhakika zaidi mara nyingi iko kwenye mfuko wa mkojo unaoning'inia ubavuni mwa kitanda. Muuguzi huinama, husoma alama za mililita, huandika, humwaga, na baada ya saa moja hurudi. Mtu mzima wa kilo 60 akitoa mililita 30 kwa saa, figo zake zinapata damu ya kutosha. Akitoa 10, mwili unahangaika ndani kwa ndani, hata kama kipimo cha presha mkononi bado kinasoma vizuri.

Katika Hospitali ya CBCA Ndosho, kwenye komine ya Karisimbi mjini Goma, kupoteza damu si habari ya vitabuni. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu imekuwa ikisaidia upasuaji wa majeruhi wa vita hapo tangu 2012. Mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia mjini, majeruhi walifika kwa mamia na vitanda havikutosha. Siku hizo hizo umeme ulikatika, maji ya bomba yakakatika, na watu wakashuka na ndoo hadi Ziwa Kivu kuteka maji yasiyotibiwa. Hofu ya risasi ikafuatwa na hofu ya kipindupindu.

Ndosho, basi, inaziona figo kwa pande mbili. Upande mmoja ni presha inayoanguka: damu iliyomwagika, kipindupindu, mtoto anayehara usiku kucha. Upande wa pili ni presha inayopanda kimya miaka nenda rudi, kwa mama muuza mboga, kwa mwalimu, kwa dereva wa pikipiki, mpaka siku anapopooza nusu ya mwili au miguu inapovimba. Pande hizi hupelekwa kwa watu tofauti: wa kwanza kwa wapasuaji na vituo vya kipindupindu, wa pili kwa kliniki ya presha. Mimi naona ni jambo moja. Kiungo ni kile kile, homoni ni zile zile, na chumvi ndiyo iliyo katikati. Figo zetu ni hodari mno kubana na nzito kuachilia.

Watu wengi wamefundishwa shuleni kwamba figo ni chujio la uchafu. Si uongo, ila ni sehemu ndogo ya habari. Figo mbili kwa pamoja zina uzito wa gramu 300 hivi, lakini hupokea karibu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo. Ndani ya kila figo kuna vichujio vidogo, nefroni, vipatavyo milioni moja. Kila siku nefroni hizo huchuja kama lita 180 za maji kutoka kwenye damu. Hizo ni bidoni tisa za njano za lita 20, mzigo wa kumtoa jasho msukuma mkokoteni wa chukudu. Majimaji ya damu yenyewe, ukiondoa chembe zake, hayazidi lita tatu hivi, kwa hiyo maji yale yale hupita kwenye chujio karibu mara 60 kwa siku. Mkojo unaotoka ni lita moja na nusu tu. Zilizobaki zote hurudishwa.

Kwa nini mwili umwage vyote nje halafu uanze kuvirudisha? Kwa sababu hauwezi kuijua kila sumu itakayoingia. Hutoa kila kilicho kidogo cha kutosha kupita, kisha huchukua tena kile unachokitambua: sukari, chumvi, maji. Usichokitambua huenda na mkojo. Kazi ya kurudisha ndiyo inayokula nguvu nyingi za figo, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo hutumika kusukuma kitu kimoja, sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi ya mezani. Sodiamu ikirudi, maji huifuata. Mtu wa kilo 60 ana kama lita 36 za maji mwilini. 24 zimo ndani ya seli, 12 ziko nje yake, zikiwemo zile tatu za damu. Hizo 12 zinashikiliwa na sodiamu. Anayeamua sodiamu ngapi ibaki ndiye anayeamua mishipa ijae kiasi gani, na mishipa ikijaa au kupwaya, presha nayo hufuata.

Hapa kuna mambo mawili ambayo huchanganywa hata na wanafunzi wa udaktari. Mwili hulinda ukali wa chumvi kwa njia moja, na kiasi cha maji kwa njia nyingine. Ukali huangaliwa na ubongo. Chumvi ya damu ikizidi hata kwa asilimia moja au mbili, kiu huja, na tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo humwaga homoni ya vasopresini. Homoni hiyo hufungua milango ya maji kwenye mirija ya mwisho ya figo, maji hurudi mwilini, na mkojo hutoka mchache, wa njano iliyokolea. Kwa msaada wake figo inaweza kushusha mkojo hadi nusu lita kwa siku na bado ikatoa taka zote. Chini ya hapo, taka huanza kubaki. Goma kikomo hicho si mbali: mji umejengwa juu ya lava. Mvua hunyesha na kuzama kwenye nyufa, mto hakuna, na maji husukumwa kutoka ziwani au hubebwa mgongoni. Mama anayegawa bidoni mbili kwa watu saba hunywa mwisho. Figo zake humvumilia, lakini mkojo mzito siku baada ya siku hualika mawe na maambukizi ya njia ya mkojo.

Kiasi cha maji huangaliwa na figo yenyewe, na historia ya kugunduliwa kwa jambo hili ni ya kusikitisha kidogo. Mwaka 1898, mjini Stockholm, Robert Tigerstedt na mwanafunzi wake Per Bergman walisaga figo za sungura, wakadunga maji yake kwenye sungura wengine, na presha ikapanda. Waliita kitu hicho renini. Ulimwengu wa tiba uliwapuuza kwa zaidi ya miaka 30, hadi 1934 Harry Goldblatt wa Cleveland, Marekani, alipobana mishipa inayopeleka damu kwenye figo za mbwa na kuwaona wakipata presha ya kudumu. Figo inayokosa damu hudhani mwili mzima umekauka. Humwaga renini; renini hukata protini iliyotengenezwa na ini; kipande kinachotoka hukatwa tena, hasa kwenye mapafu, na kuwa anjiotensini ya pili. Hiyo hubana mishipa mwili mzima, huleta kiu, na huziamuru tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo, zitoe aldosteroni. Aldosteroni huiambia figo: usiachie sodiamu.

Mfumo huu ulijaribiwa vikali Goma. Julai 1994 wakimbizi kati ya 500,000 na 800,000 walivuka kutoka Rwanda kwa siku chache, wakakaa juu ya mawe ambayo huwezi kuchimba choo wala kisima. Karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi kwa kipindupindu na kisha kuhara damu. Ndosho palikuwa na kituo cha watoto waliopotezana na wazazi, na watoto ndio waliokauka haraka kuliko wote.

Mgonjwa wa kipindupindu kikali anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa. Hulazwa kwenye kitanda chenye tundu katikati, ndoo moja chini ya tundu, nyingine pembeni kwa kutapika, na mhudumu husoma ndoo ili ajue amrudishie kiasi gani. Kinachotoka si maji matupu. Ni maji yenye chumvi karibu sawa na ya damu. Katika saa za mwanzo figo hufanya kila ziwezalo. Renini hupanda, aldosteroni hupanda, vasopresini hupanda, na mkojo hukoma. Kukoma huko ni ulinzi. Lakini figo huokoa kilichopo. Haziwezi kuumba kilichokwisha kwenda. Presha ya wastani ikishuka chini ya 80 hivi, uchujaji wenyewe huanza kuzimika, na mirija ya ndani ya figo, ambayo hata siku za kawaida hupata oksijeni kidogo, huanza kufa. Hapo ulinzi umegeuka ugonjwa. Kuhara damu kwa mwaka 1994 kulikuwa na hila nyingine: bakteria wa Shigella wa aina ya kwanza hutoa sumu inayoweza kushambulia vishipa vya figo moja kwa moja, hata kwa mtoto ambaye hakukauka sana.

Dawa ya kukauka ni kurudisha chumvi na maji kwa mwendo ule ule wa hasara. Kwa aliyezidiwa ni serumu ya Ringer, mililita 100 kwa kila kilo ya uzito. Mtu mzima hupewa 30 za kwanza ndani ya nusu saa, na 70 zinazobaki ndani ya saa mbili na nusu. Kwa anayeweza kunywa ni pakiti ya chumvichumvi iliyochanganywa kwenye lita moja ya maji safi. Nguvu ya pakiti hiyo iko kwenye sukari. Kipindupindu hakiharibu ule mlango wa utumbo unaoingiza sodiamu na sukari kwa pamoja, kwa hiyo ukiweka vyote viwili, chumvi hupita na maji huifuata, kama inavyotokea ndani ya figo. Mwaka 1971, katika kambi ya Bangaon, India, wakati wa vita vya Bangladesh, serumu ilikwisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua watu wanyweshwe mchanganyiko huo kutoka kwenye mapipa, na vifo vikashuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4. Pasipo pakiti, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa humvusha mtu hadi kituoni. Maji matupu peke yake ni hatari ambayo haisemwi vya kutosha: vasopresini ikiwa juu, figo hushika maji yote, chumvi ya damu huyeyuka, na mtoto anaweza kupata degedege ilhali mama anaamini amemnywesha vizuri.

Kwa majeruhi hesabu ni ile ile, ila kilichopotea ni damu. Tena msuli uliopondwa na bomu au ukuta ulioanguka hutoa rangi yake nyekundu, mayoglobini, ambayo huziba na kuchoma mirija ya figo. Eric Bywaters aliliandika jambo hili mwaka 1941, baada ya kuwaona watu wa London waliofukuliwa hai chini ya vifusi vya mabomu ya Wajerumani wakionekana wazima, kisha wakafa siku chache baadaye bila mkojo. Jeshi la Marekani lilipeleka mashine ya kusafisha damu Korea mwaka 1952, na iliokoa watu. Lakini Vietnam, figo kufeli kwa majeruhi kulipungua sana kwa sababu nyingine: walifikishwa mapema na walipewa damu na maji mapema. Naipa uzito hoja hii kwa ajili ya Goma. Kila saa barabarani kutoka Masisi au Sake ni saa ambayo figo inabana bila kujazwa.

Kuna mshirika mmoja wa hatari hii anayeuzwa bila karatasi ya daktari katika famasi za kila mtaa. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni huzuia kemikali zinazoacha wazi mshipa wa kuingiza damu kwenye chujio. Kwa mtu aliyejaa maji mwilini, kidonge kimoja hakileti shida. Kwa aliyekauka, mshipa ule ndio tegemeo lake, na kidonge huufunga. Sindano ya gentamisini kwa mgonjwa asiyekojoa ni kosa la aina hiyo hiyo.

Tuje kwenye presha inayopanda. Arthur Guyton, mwanafisiolojia wa Mississippi, alitumia maisha yake kuthibitisha jambo moja: presha haiwezi kubaki juu kwa siku na miezi bila figo kukubali. Figo nzima ikisukumwa na presha kubwa huachia chumvi na maji zaidi, mishipa hupwaya, na presha hurudi. Kwa hiyo kila presha ya kudumu inamaanisha figo imehamisha kiwango chake na sasa inakilinda kile cha juu. Wapo wanaobishana naye, wakiitazama zaidi mishipa yenyewe au neva zinazotoka kwenye ubongo. Nadhani wana sehemu ya ukweli, kwa kuwa neva hizo huiamuru hata figo. Lakini kuna ushahidi ninaouona mgumu kuukwepa. Mwaka 1983 madaktari wa Alabama walieleza habari za Wamarekani weusi sita ambao presha ilikuwa imeua figo zao. Walipopandikizwa figo za watu wasio na presha, ugonjwa uliwaondoka. Presha ilikuwa imekaa ndani ya figo.

Kwetu Afrika Mashariki uko uchunguzi ambao ungepaswa kujulikana na kila kliniki. Neil Poulter na wenzake waliwafuata Waluo waliohama kutoka vijiji vya magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi, wakawalinganisha na waliobaki nyumbani. Matokeo yalitoka mwaka 1990. Ndani ya miezi ya kwanza mjini, presha ya wahamiaji ilikuwa imepanda, na mkojo wao ulikuwa na sodiamu nyingi na potasiamu kidogo kuliko wa nduguzao wa kijijini. Hawakuwa wazee, wala hawakuwa wamenenepa kwa miaka. Chakula kilibadilika, na figo zikabadilika nacho.

Ndosho ni mtaa ambao familia nyingi zimehamia bila kutaka, kutoka vilima vya Masisi na Rutshuru. Huko waliacha mashamba ya maharage, ndizi na viazi, vyakula vyenye potasiamu, ambayo huisaidia figo kuachia sodiamu. Mjini hununua kinachopatikana kwa senti chache: makayabu, yaani samaki waliokaushwa kwa chumvi, mkate, na vile vibe, vipande vya viungo vya mchuzi, ambavyo kimoja tu hufanya sufuria nzima ya sombe, yaani kisamvu, ikolee. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja kidogo, pamoja na iliyofichwa ndani ya vyakula. Simlaumu mama anayetumia kibe. Ni ladha ya bei nafuu kuliko nyama. Samaki sambaza wabichi wa ziwani na ndimu wangemfaa zaidi, siku akiwapata.

Kuna jambo la ndani zaidi, na ndilo linalonihuzunisha kuliko mengine. Nefroni hutengenezwa tumboni mwa mama, na ujenzi huisha kabla au karibu na wakati wa kuzaliwa; baada ya hapo hazizaliwi nyingine. Mwaka 1988 Barry Brenner alitoa hoja kwamba mtoto aliyezaliwa na uzito mdogo ana nefroni chache, kwa hiyo kila moja hufanya kazi ya mbili, huchakaa mapema, na presha hupanda ukubwani. Ushahidi uliofuata umeipa hoja hiyo nguvu. Malaria ya mjamzito na njaa ya mkimbizi hupunguza uzito wa mtoto. Kwa hiyo vita vya leo vinaandika presha za mwaka 2060.

Presha hiyo nayo huzirudia figo. Huchakaza vichujio, protini huanza kuvuja kwenye mkojo, nefroni hufa, zilizobaki hubana chumvi zaidi, presha hupanda tena. Haiumi. Mjini Kinshasa, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta dalili za ugonjwa sugu wa figo kwa asilimia 12.4 ya watu wazima waliopimwa, na wengi wa namna hii hawajui kwamba wanaumwa. Kwa mjamzito mambo huenda kasi: presha ya 140 kwa 90 pamoja na protini kwenye mkojo baada ya wiki ya 20 ni hatari kwa mama na mtoto.

Figo zikishakufa kabisa, kinachobaki ni kupandikizwa au kusafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida saa nne, mara tatu kwa wiki. Kila kipindi hutumia kama lita 120 za maji yaliyosafishwa sana: bidoni sita kwa mgonjwa mmoja, kumi na nane kwa wiki, bila kuhesabu yanayopotea wakati wa kuyasafisha, na umeme usiokatika. Wanaohitaji mashine wanastahili mashine, na sitaki mtu asome hapa ruhusa ya kuwaacha wafe. Lakini kama fedha ni chache, ningeanza na maji ya bomba, pakiti za chumvichumvi, kipimo cha presha na vijikaratasi vya kupima mkojo katika kila kituo cha afya, kwa sababu hivyo hupunguza idadi ya watakaofika kwenye mashine.

Pande mbili za Ndosho hukutana kwa mgonjwa mmoja ambaye hafikiriwi mara nyingi: mtu wa presha anayepata kipindupindu. Baadhi ya dawa zake zimetengenezwa kuvunja ule ule mnyororo wa renini. Kaptoprili, ya kwanza katika kundi lake, iliruhusiwa Marekani mwaka 1981 baada ya utafiti ulioanzia kwenye sumu ya nyoka wa Brazili. Enalaprili ni ndugu yake, na losartani huzuia anjiotensini mlangoni pa kazi yake. Haidroklorothiazidi huilazimisha figo kuachia chumvi. Siku za kawaida dawa hizi humlinda. Akianza kuhara maji, zinazuia ubanaji ambao ungemshikilia mpaka afikishwe kituoni, na akiongeza ibuprofeni kwa ajili ya maumivu, chujio hukosa damu kutoka pande zote. Kwa kawaida dawa hizo husimamishwa kwa muda, kwa uamuzi wa mhudumu wa afya, hadi mgonjwa anywe, ashikilie maji na akojoe vizuri, kisha hurudishwa. Ndiyo maana anayempokea mgonjwa kwenye kituo cha kipindupindu, kabla hajamwekea serumu, anahitaji kumwuliza yeye au aliyemleta: anameza vidonge gani nyumbani, na alikojoa mara ya mwisho saa ngapi?